Mchumia Juani Naye Apewe Kivuli

Wahenga walinena kwamba mchumia juani hulia kivulini. Methali hii wakubwa wa kazi hupenda kuitumia kila watakapo watu waongeze bidii. Lakini ni wachache wajiulizao: kivuli hicho hujengwa na nani?

Swali hili hutujia kila tupitapo Nakaloke wakati wa kiangazi, katika barabara itokayo Mbale kwenda Kumi na Soroti. Kuanzia Desemba hadi Februari mvua huadimika, vumbi hutanda, na joto la adhuhuri hufikia digrii 30 na kuzidi. Hapo ndipo kazi ipambapo moto, kwani pamba huvunwa wakati wa ukavu, na viwanda vya kuichambua hunguruma katika miezi hiyo hiyo ambayo mwili wa binadamu hutamani kupumzika.

Pamba ilianza kuenezwa kwa wakulima wa Uganda mwaka 1903. Kufikia mwaka 1970 nchi ilitoa marobota yapatayo 470,000. Baada ya hapo mavuno yaliporomoka. Wenye viwanda wa Kiasia walifukuzwa mwaka 1972, vita vikafuata, bei ikawa duni na malipo yakachelewa. Watu wa Bukedi na Teso hawakusahau ghafla namna ya kushika jembe. Mkulima aliyechukuliwa pamba yake kwa ahadi tupu alipanda mihogo mwaka uliofuata, nasi hatuwezi kumlaumu.

Somo hilo lamhusu pia kibarua wa kiwandani. Yeye huajiriwa kwa msimu tu. Hubeba magunia juani, kisha huingia ndani ambako vumbi la pamba huelea hewani na kuingia kifuani. Anapochoka, mkono huteleza karibu na mashine; tena cheche moja yatosha kuteketeza ghala zima. Kwa hiyo msimamizi anayedhani kwamba makelele na vitisho huongeza kazi ajihadhari, maana huongeza ajali.

Ndugu askari, ninyi mwalijua jambo hili kuliko wengi. Mlinzi aliyesimama juani hubadilishwa kwa zamu, si kwa kuhurumiwa, bali kwa sababu mlinzi aliyelegea halindi kitu. Kuruta mpya hazoei jua la gwaride kwa siku moja. Wataalamu wa afya ya kazini wanatueleza vivyo hivyo: wengi waangushwao na joto huanguka katika siku za mwanzo. Mgeni wa kazi apewe kazi nyepesi kwanza, iongezwe kidogo kidogo kwa muda wa juma moja au mawili. Kila mtu anywe maji glasi moja kila baada ya dakika 15 au 20, bila kungoja kiu. Mizigo mizito ichukuliwe alfajiri na jioni, na adhuhuri watu wakae kivulini.

Haya hayahitaji hazina kubwa. Yahitaji mtungi wa maji safi, turubai, na msimamizi ambaye naye hutoka juani akaonekana na watu wake. Zaidi ya yote, mshahara utolewe siku iliyoahidiwa. Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 imeweka saa 48 kuwa kipimo cha kazi kwa juma, na siku ya mapumziko baada ya siku sita. Hiyo ni haki, wala si zawadi ya tajiri.

Baadhi yenu ni makamanda wa vikosi na vituo. Wengine mtastaafu na kuajiri vibarua mashambani mwenu. Kiangazi kitakapofika, kabla hamjauliza kwa nini kazi imezorota, tazameni kwanza kama mtungi una maji. Kisha ulizeni ni lini watu wale walilipwa mara ya mwisho.