Sikukuu ya Watoto Iliyonunuliwa na Wakubwa

Jioni ya Oktoba 31, siku ya Halloween, mitaa ya Marekani hujaa watoto waliovaa kama mizimu, wachawi na mashujaa wa filamu. Hupiga hodi nyumba hadi nyumba wakidai pipi, la sivyo watafanya vituko. Taa ikiwaka barazani, wanakaribishwa. Ikizimwa, wanapita zao, na hakuna anayenuniwa.

Halloween hiyo ya mlangoni ni rahisi. Inayogharimu ni ile ya wakubwa. Shirikisho la wauzaji rejareja la nchi hiyo, NRF, lilikadiria matumizi ya dola bilioni 3.3 mwaka 2005. Kufikia 2023 makadirio yalikuwa bilioni 12.2, wastani wa dola 108 kwa kila mnunuzi. Ukizichambua fedha hizo, utashangaa. Pipi, ambazo ndizo humtembeza mtoto, zilikadiriwa kuchukua bilioni 3.6 tu. Mapambo yalizipita. Mavazi ya watu wazima yalikisiwa bilioni 2, ya watoto bilioni 1.4, na mbwa na paka nao wakavalishwa kwa milioni 700.

Mwaka 2020, janga la korona likiwa limewafungia watu majumbani, kampuni ya maduka ya Home Depot ilitoa mifupa ya mtu ya plastiki yenye urefu wa futi 12 kwa dola 299. Ikaisha madukani upesi, na mpaka leo inasimama kwenye nyua nyingi, ikizidi paa la baraza.

Mwanzoni haikuwa hivyo. Wahamiaji wa Ireland waliovuka bahari katika karne ya 19 walikuja na mila iliyotaka kidogo sana. Kwao walichonga tanipu wakatia mwanga ndani. Marekani wakakuta maboga, makubwa zaidi na mepesi kuchonga. Sioni ubaya mtu mzima kucheza. Ninachokitetea ni ule mlango, kwa sababu ni usiku nadra ambapo Mmarekani humfungulia mtoto asiyemjua na kumpa kitu bure.

Na wapo wanaoulinda. Mwaka 1950 watoto wa Philadelphia walizunguka na maboksi matupu ya maziwa wakikusanya sarafu kwa ajili ya UNICEF, na desturi hiyo ikaenea nchini. Siku hizi baadhi ya kaya huweka barazani boga lililopakwa rangi ya samawati-kijani. Mzazi ambaye mwanawe hudhuriwa na karanga au maziwa akiliona, anajua kwamba ndani ya nyumba hiyo, kando ya bakuli la pipi, kuna penseli, filimbi au mpira mdogo aliowekewa mtoto huyo.