Skrini Nyeusi Si Mwisho wa Daftari Lako

Mfanyabiashara wa Koboko huweka madeni ya wateja wake wa Kaya na Ariwara katika kompyuta ya Ubuntu. Asubuhi anaiwasha, skrini inabaki nyeusi, au inapokea nywila kisha inamrudisha palepale. Fundi mwenye haraka humwambia: "Tufute yote, tuanze upya." Usikubali.

Ubuntu ni mfumo huria uliotoka mwaka 2004, na jina lake ni ndugu wa neno letu "utu". Ndani yake mfumo wenyewe ni kitu kimoja, na sura ya picha tunayoibofya ni kingine. Sura ikigoma, mara nyingi mfumo bado uko hai na faili zako zipo.

Bonyeza Ctrl, Alt na F3 kwa pamoja. Yakitokea maandishi yanayoomba jina, ingia, kisha andika df -h. Mstari unaoishia na alama ya / ukionyesha 100%, diski imejaa, na sura ya picha imekosa pa kuandika. Andika sudo apt clean kupunguza mzigo, halafu sudo reboot.

Ikishindikana, au kama umeme ulikatika ghafla, washa kompyuta kwa flashi yenye Ubuntu, uchague kujaribu bila kusimika. Nakili daftari lako kwenye flashi nyingine kwanza. Matengenezo yafuate.

Wazee wetu walipokimbilia Zaire na Sudan baada ya 1979, wengi waliacha vyeti na hati nyuma. Nyumba ilijengwa tena. Orodha ya wanaokudai na unaowadai haiuzwi soko lolote la Arua.