Mdhamini Hubaki na Deni

Mtu anayelala akiwaza kuiomba Mahakama Kuu ya Kenya imtangaze kuwa amefilisika huandamwa na hofu nyingi. Ile inayostahili kumkosesha usingizi, mara nyingi haiulizii.

Kwanza jela. Hofu hii ina asili yake, kwani sheria ya kesi za madai bado inaruhusu mdaiwa afungwe hadi miezi 6. Lakini mwaka 2010 Martha Koome, akiwa jaji wa Mahakama Kuu, aliamuru mdaiwa mmoja aachiliwe, akiegemea mkataba wa kimataifa unaokataza mtu kufungwa kwa kushindwa tu kulipa deni. Majaji wengine hawajafika mbali hivyo, ila hutaka kwanza ijulikane kama mdaiwa ana uwezo na anakataa tu. Kwa hiyo anayejipeleka mahakamani na kuorodhesha mali, mapato na wote wanaomdai hana sababu ya kuogopa pingu. Anayeficha shamba kwa jina la shemeji ndiye mwenye sababu.

Aibu ipo, nisimdanganye mtu. Sheria ya Ufilisi ya 2015 haifichi jina la aliyefilisika: huingizwa katika daftari ambalo yeyote anaweza kulikagua. Maadamu hajaondolewa ufilisi, hawezi kugombea ubunge. Hali hiyo, hata hivyo, ina kikomo. Kwa kawaida hukoma baada ya miaka 3 tangu awasilishe taarifa ya mali na madeni yake, na madeni mengi huzikwa hapo. Yaliyotokana na ulaghai hayazikwi.

Kuhusu mali, vyombo vya lazima vya nyumbani na zana za kazi haviguswi, kwa kiwango kilichowekwa. Fundi cherehani habaki mikono mitupu. Lakini kama hati ya nyumba iko benki kama dhamana, ufilisi hauizuii benki kumtuma dalali.

Sasa wadhamini. Wakenya wengi hukopa kwenye sacco kwa kudhaminiwa na wenzao kazini. Mwalimu hutia sahihi fomu ya mwenzake wakati wa chai, bila kusoma, kwa kuwa mwezi ujao itakuwa zamu yake. Mkopaji akifilisika na baadaye akaondolewa ufilisi, deni linamtoka yeye, mdhamini halimtoki. Sacco hukata akiba ya mkopaji kwanza, kisha huwageukia waliotia sahihi. Nao wakishalipa, wanachoweza kufanya ni kujiunga na foleni ya wanaomdai mwenzao, foleni ambayo mara nyingi mwisho wake hakuna kitu. Naliona hili kuwa zito kuliko tangazo lolote la ufilisi gazetini, maana mdhamini hakula hata senti ya mkopo ule.

Ndiyo maana mwenye mshahara angejaribu kwanza njia nyingine iliyo katika sheria hiyohiyo: mpango wa hiari, ambapo anawapa wadai pendekezo la kulipa anachoweza, nao wakalipigia kura chini ya uangalizi wa mtaalamu. Wakikubali, kila shilingi inayolipwa ni shilingi inayopunguza mzigo wa mdhamini. Asiye na mali wala kipato cha kulipia, ambaye madeni yake ni kati ya shilingi 100,000 na milioni 4, anaweza kuomba utaratibu wa wasio na mali, unaomwachilia baada ya miezi 12. Mlango huo hufunguliwa mara moja tu maishani, na hata hapo mdhamini hapiti naye.

Njia yoyote atakayochagua, kabla makaratasi hayajafika mahakamani awaite waliomdhamini, awaoneshe hesabu zote, hata zile za mikopo ya simu anazoona haya kuzitaja. Wajue kutoka kinywani mwake, si kwa kuona mshahara wa mwisho wa mwezi umekatwa.