Utomvu wa Papai katika Somo la Zebaki

Mwalimu atakayepangiwa shule ya Mbebe, Ileje, au shule yoyote ya Mkoa wa Songwe, hana budi kujua kwamba mkoa huo wa kahawa na mahindi una dhahabu pia. Saza na Mkwajuni zimo katika eneo la dhahabu la Lupa, lililochimbwa tangu miaka ya 1920. Wachimbaji wadogo huikusanya dhahabu kwa zebaki, ambayo hushikamana na chembe zake mchangani. Kisha donge lile huchomwa, zebaki ikatoka kama mvuke na dhahabu ikabaki. Wako wanaolichomea nyumbani, hata juu ya jiko la chakula. Mvuke huo hauonekani wala haunuki, na hapo ndipo ulipo ugumu wa somo: mtoto ataiaminije sumu asiyoiona?

Njia tunayoipendekeza ni kuanza na papai. Watoto wengi wamepata kuona nyama ngumu ikifungwa katika majani ya mpapai, au ikipakwa utomvu wa papai bichi, ili ilainike. Twaa vipande vitatu vya nyama vilivyo sawa. Kimoja kipake utomvu, cha pili kipake utomvu uliochemshwa kwa muda mrefu katika maji kidogo, cha tatu kiache kama kilivyo. Baada ya saa moja wanafunzi wavibonyeze kwa kijiti. (Utomvu mbichi huwasha ngozi na macho, mwalimu aushike mwenyewe.) Usitoe maelezo mapema. Waache wabishane kwanza kwa nini utomvu uliochemshwa umepungukiwa nguvu.

Ndipo uwaeleze kwamba ndani ya utomvu mna papaini, kimeng'enya kikatacho protini. Protini ni mfano wa shanga zilizotungwa, na kimeng'enya hukata uzi wake. Makali ya papaini yako mahali pamoja tu, penye atomu ya salfa. Ubongo nao una vimeng'enya vya ukoo huohuo. Kathepsini hukatakata protini zilizochakaa ndani ya seli ili vipande vyake vitumike upya. Kalpaini hukata kwa kiasi, seli ya neva inapojirekebisha. Kazi hiyo ikizuiwa, taka hulundikana.

Sasa zebaki hushikamana na salfa kwa nguvu mno. Mvuke ukivutwa, takriban asilimia 80 hubaki mwilini. Huingia katika damu, ukapenya hadi ubongoni, na humo hugeuka kuwa katika hali isiyotoka upesi. Ikiikuta salfa ya kimeng'enya, huishika, na makali yakazibwa. Mwalimu abainishe tofauti: moto uliharibu umbo lote la papaini, bali zebaki huziba mahali pa kukatia. Wala vimeng'enya hivi si shabaha pekee, kwa maana zebaki hushika protini nyingine nyingi zenye salfa. Kutetemeka mikono, kukosa usingizi, hasira za ghafla na usahaulifu hutokana na madhara mengi kwa pamoja. Haifai kumfundisha mtoto kwamba kila dalili ina kimeng'enya chake.

Zebaki yenyewe isiletwe darasani hata tone moja, kwani huvukiza pasipo moto wowote.

Liko jambo gumu kuliko kemia. Mtoto ambaye baba yake huchoma dhahabu asifanywe mfano mbele ya wenzake, wala mwanafunzi msahaulifu asidhaniwe mara moja kuwa amedhurika kwa zebaki. Usahaulifu una sababu nyingi, njaa ikiwamo, na kupima ni kazi ya tabibu. Mpe mtoto maneno anayoweza kuyafikisha nyumbani bila kumvunjia mzazi heshima: uchomaji ufanyike nje, mbali na jiko na watoto, na afadhali zaidi katika retoti, chombo kilichofungwa ambacho hunasa mvuke na kuurudisha kuwa zebaki. Hili la retoti mchimbaji hulielewa upesi, maana zebaki hununuliwa kwa fedha.