Jinsi Kinga ya Malaria Ilivyowafikia Maskini wa Pwani

Msafiri atokaye Mombasa kwenda Malindi kwa barabara kuu hupita katani ya Vipingo, kisha minazi na mikorosho, na mijini hukuta hospitali na maduka ya dawa. Lakini akikata kushoto pale Kilifi, akaelekea Ganze na Bamba, nchi hukauka na nyumba hutawanyika. Huko mtoto akishikwa na homa usiku, mara nyingi mama yake hana budi kungoja kuche. Hivyo ugonjwa ulio mmoja una ukali wa namna mbili: mwepesi kwa mtoto wa kandokando ya barabara, mzito kwa mtoto wa bara.

Mwaka 1989 Taasisi ya Utafiti wa Tiba ya Kenya, ijulikanayo kwa jina la KEMRI, ilianzisha kituo chake karibu na hospitali ya Kilifi kwa msaada wa Wellcome Trust ya Uingereza. Miongoni mwa waanzilishi walikuwamo Dk. Norbert Peshu na Dk. Kevin Marsh. Adui wao wa kwanza alikuwa malaria, maradhi yaliyokuwa yakijaza vitanda vya watoto kila baada ya mvua.

Kati ya mwaka 1993 na 1995 vijiji vya Kilifi viligawanywa mafungu mawili. Fungu moja likapewa vyandarua vilivyochovywa katika dawa ya kuua mbu, na vikachovywa tena kila baada ya miezi sita. Fungu la pili halikupewa. Mwisho wa hesabu, vifo vya watoto wa chini ya miaka mitano katika vijiji vyenye vyandarua vilikuwa vimepungua kwa theluthi moja, na watoto waliolazwa kwa malaria kali walikuwa wamepungua kwa 44 katika kila 100. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 1996, na yakasomwa na madaktari wa nchi nyingi.

Mtu angedhani kwamba baada ya hapo kila mtoto wa Pwani angelala ndani ya chandarua. Haikuwa hivyo. Vyandarua viliuzwa, na kiuzwacho humfikia mwenye fedha kwanza. Mwaka 2004 watafiti, miongoni mwao Dk. Abdisalan Noor na Profesa Robert Snow, walianza kuhesabu watoto katika wilaya nne za Kenya, Kwale ikiwa mojawapo. Waliwakuta watoto 7 tu katika kila 100 wakilala ndani ya chandarua chenye dawa. Katika jamaa maskini kabisa walikuwa 3, na katika jamaa zenye nafuu kiasi cha 16.

Baadaye bei ilipunguzwa, na mama aliyekwenda zahanati akauziwa chandarua kwa shilingi 50. Hesabu ikapanda hadi 24 katika 100. Kwa karani mwenye mshahara shilingi 50 si kitu, lakini kwa mama ategemeaye kuuza makaa ni chakula cha jioni. Mwaka 2006 Wizara ya Afya ikakata shauri: vyandarua milioni 3.4 viligawanywa bure, sehemu yake pamoja na kampeni ya chanjo ya surua. Hesabu ikaruka hadi 67 katika 100, na jambo la kufurahisha zaidi ni kwamba maskini na wenye nafuu walikuwa karibu sawasawa. Bei ilipoondoka, tofauti nayo iliondoka.

Ni haki kueleza kwamba vyandarua peke yao havikuishinda malaria ya Kilifi. Katika hospitali ya Kilifi watoto waliolazwa kwa ugonjwa huo walipungua kutoka 18 katika kila 1,000 mwaka 2003 hadi 3 mwaka 2007, na upungufu huo ulianza kabla ya ugawaji ule mkubwa. Dawa mpya nazo zilikuwa zimeingia.

Tena kuna mchango wa wenye maduka, ambao husahauliwa upesi. Katika miaka ya 1990 ilionekana kwamba wazazi wengi wa Kilifi hununua dawa ya homa dukani kabla ya kufika kwa daktari, na mara nyingi dozi haikutosha. Wako maofisa ambao wangewakaripia. Dk. Vicki Marsh na wenzake waliona afadhali kuwafundisha wenye maduka kipimo cha dawa kwa umri wa mtoto, na hayo yalikuwa maarifa, kwa kuwa duka li karibu na zahanati i mbali.

Hata hivyo haikuwa rahisi kuaminiwa. Mtoto aliyeshikwa na degedege wengi walimpeleka kwa mganga, wakisema ni nyuni. Kuhusu kituo chenyewe palienea uvumi kwamba damu ya watoto huuzwa, na hata kwamba wenye kituo ni waabudu shetani. Uvumi wa namna hiyo hauondolewi kwa kutoa amri. Kwa hiyo yalifanywa mabaraza vijijini, na wananchi wakachagua wenzao, zaidi ya 150 kwa jumla, wawe kiungo baina yao na watafiti. Hao si watumishi wa kituo. Hupeleka maswali ya majirani kwa madaktari, na hurudi na majibu. Mchanganuo wa utafiti ukiwa haueleweki, wao ndio husema haueleweki.

Tangu Septemba 2023 kazi ya nyumba kwa nyumba imepewa nguvu mpya nchini kote. Wahudumu wa afya ya jamii wapatao 100,000 walipewa mikoba yenye kipimajoto, mashine ya kupimia shinikizo la damu, mizani ya watoto na utepe wa kupimia unene wa mkono wa mtoto. Kila mmoja hukusudiwa kuangalia nyumba 100. Katika mji wa Malindi nyumba 100 huzungukwa kwa muda mfupi. Katika bara la Magarini ni mwendo wa siku nyingi juani. Posho iliyowekwa ni shilingi 5,000 kwa mwezi, nusu ikitoka Serikali Kuu na nusu kaunti, na ni ileile kwa wote wawili.