Unaenda Canada? Jua kwa nini gari lako litalala limechomekwa kwa stima

Kama mpango wako ni kupanda ndege kwenda Canada au Minnesota, najua ushauri umeshapewa hadi masikio yamechoka. Nunua koti zito. Beba unga na majani chai. Panga makaratasi yako mapema. Lakini kuna jambo moja ambalo wale wasee wanaotutumia picha wakiwa wamesimama kwenye theluji huwa hawataji: huko kuna asubuhi ambayo gari lako litakataa kuwaka. Si kwamba ni kuukuu au umeishiwa na petroli. Ni baridi tu.

Na hapo ndipo mambo huharibika. Vijana wetu wengi wakifika majuu huanzia kwenye nyumba za kutunza wazee, hospitali na mabohari ya mizigo. Zamu inaanza saa kumi na mbili asubuhi. Katika miji mingi midogo, saa hiyo hakuna basi, na bodaboda ya kuita haipo. Ukichelewa mara moja unaeleweka. Ukichelewa mara tatu, bosi anatafuta mtu ambaye gari lake linawaka. Kodi ya nyumba nayo haisubiri, na huku nyumbani mama anangoja ule msaada wa mwisho wa mwezi.

Suluhisho lipo na halihitaji digrii. Linaitwa hita ya injini. Wacha nikueleze.

Baridi ya huku ni ya kuchezea

Julai hapa Nairobi, asubuhi ikigonga nyuzi 10 tunavaa marvin na kulalamika mtandaoni siku nzima. Limuru na Kinangop wanatucheka, na wana haki.

Sasa fikiria Winnipeg, Canada. Mwezi wa Januari, usiku wa nyuzi 30 chini ya sufuri si habari ya kuweka gazetini. Minneapolis, ambako Wakenya ni wengi, Januari 30, 2019 ilishuka hadi karibu nyuzi 33 chini ya sufuri. Fairbanks, Alaska, huwa inafika 40 chini ya sufuri, na hapo hata usijisumbue kuuliza kama wanapima kwa Selsiasi au Farenhaiti, kwa sababu 40 chini ya sufuri ndipo vipimo hivyo viwili hukutana.

Kama nambari hizo hazikuambii kitu, chukua mfano wa friza ya kuhifadhi nyama. Kwa kawaida huwa kwenye nyuzi 18 chini ya sufuri. Maana yake, usiku kama huo ukiingiza gari ndani ya friza ya bucha, utakuwa umeliokoa kutoka kwa baridi!

Kinachotokea chini ya boneti

Dada zetu wanajua hii sayansi bila kwenda darasani. Mafuta ya nazi ya kupaka nywele Mombasa ni maji. Yafikishe Nairobi mwezi wa Julai, yameganda chupani hadi uyachokore kwa kijiko. Mafuta ni yale yale. Kilichobadilika ni hewa.

Oili ya injini ina tabia inayokaribiana na hiyo. Kwenye baridi kali inakuwa nzito kama asali, na pistoni zinatakiwa zisukumane na ule uzito kabla injini haijazunguka hata mara moja. Zaidi ya hayo, oili nzito inachelewa kufika juu ya injini, kwa hivyo chuma kinasuguana na chuma kwa sekunde kadhaa. Ndiyo maana gari linalowashwa baridi kila siku huchoka mapema.

Betri nayo inafanya kazi kwa kemia, na kemia hupunguza mwendo kwenye baridi. Betri ya kawaida ya gari ikiwa kwenye nyuzi 18 chini ya sufuri huwa imepoteza karibu nusu ya nguvu zake au hata zaidi. Sasa weka haya mawili pamoja: injini inataka nguvu zaidi ili izunguke, na betri inakupa kidogo kuliko kawaida. Unageuza ufunguo, stata inalia trr… trr… kisha kimya.

Petroli pia ina shida yake. Kinachowaka ndani ya silinda ni mvuke wa petroli, na petroli baridi haitoi mvuke kwa urahisi. Dizeli ni mbaya zaidi, kwa sababu ina nta ndani yake ambayo huganda na kuziba chujio. Dereva wa lori anayehamia kule akidhani atafanya mambo kama alivyozoea barabara ya Mombasa atapata somo wiki ya kwanza.

Hita inafanya nini?

Binamu yangu anaishi Winnipeg. Alipofika aliona karibu kila gari lina waya wenye plagi unaoning'inia mbele, pale karibu na nambari ya usajili. Akajiambia, hawa watu wameendelea, wote wanaendesha magari ya umeme. Kumbe ni magari ya petroli kama ya River Road, ila yanalala yakiwa yamechomekwa.

Waya ule unaelekea kwenye kifaa kidogo kilichofungwa ndani ya injini. Ndani yake kuna koili kama ile ya birika la umeme. Kwenye magari mengi koili hiyo inakaa katikati ya maji ya kupoza injini, yale yanayozunguka kutoka kwa radieta. Ukichomeka, inapasha yale maji, maji yanapasha chuma cha injini, na oili iliyo karibu nayo inapungua uzito. Asubuhi injini inajiona kama iko Thika.

Kuna aina nyingine. Moja hufungwa kwenye mpira wa radieta. Nyingine ni bamba linalobandikwa chini ya sinia ya oili. Kuna hata blanketi la umeme la kufunika betri. Kwenye sehemu zenye baridi ya kupindukia, watu hutumia zaidi ya moja kwa pamoja.

Na si Marekani Kaskazini pekee. Finland, Sweden na Norway wana nguzo za stima kwenye maegesho kwa kazi hii hii. Kule Yakutsk, Urusi, kuna wanaofunga gari lote kwa blanketi nene, na wengine huacha injini ikinguruma kwa saa nyingi kuliko kuizima na kubahatisha.

Kazi ya juakali

Kabla ya hita, wakulima wa sehemu hizo walikuwa na mateso. Jioni mtu anamwaga oili yote kwenye ndoo, anaingiza nyumbani na kuiweka karibu na jiko. Betri nayo anaifungua na kulala nayo ndani. Asubuhi anarudisha kila kitu akiwa anatetemeka. Wengine waliweka sinia ya makaa ya moto chini ya injini na kuomba Mungu lori lisishike moto.

Aliyewatoa kwa hayo ni Andrew Freeman, jamaa wa Grand Forks, jimbo la North Dakota. Mwaka wa 1947 alitengeneza hita yake ya kwanza kwa vyuma chakavu: mabomba ya shaba na koili ya pasi ya umeme. Iliingia mahali pa boliti moja ya injini. Novemba 1949 alipata hataza ya uvumbuzi huo. Mwaka ule ule wa 1947, mwezi wa Februari, kijiji cha Snag huko Yukon, Canada, kilipimwa nyuzi 63 chini ya sufuri. Kwa hivyo jamaa hakuwa anatatua shida ya kuwazia.

Ukipita Kamukunji na kuona mtu akigonga mabati, kumbuka kwamba kitu kinachowasha mamilioni ya magari kilianza hivyo, kwa pasi iliyoharibika.

Usichomeke usiku kucha

Hapa ndipo wageni hupoteza pesa. Hita nyingi za magari madogo hutumia kati ya wati 400 na 1,000. Tuseme yako ni ya wati 500. Ukichomeka saa nne usiku na kuchomoa saa mbili asubuhi, umetumia yuniti tano za stima. Ukichomeka kwa saa tatu tu kabla ya kuondoka, ni yuniti moja na nusu. Injini haitajali tofauti, kwa sababu baada ya saa mbili hadi nne joto lake huwa limefika mwisho wa kupanda. Zinazobaki unapasha hewa ya Canada.

Nunua taima ya nje, iweke iwashe saa tisa usiku, na ulale. Ukiamka gari liko tayari, na hita ya ndani ya gari inaanza kutoa joto haraka badala ya kukupulizia barafu usoni. Petroli nayo inabaki. Serikali ya Canada huwaambia madereva kwamba kwenye nyuzi 20 chini ya sufuri, hita inaweza kupunguza matumizi ya mafuta kwa hadi asilimia 10.

Yasiyofaa kuchezewa

Sikiza hapa vizuri.

Kwanza, maji ya radieta. Huku tumezoea kujaza maji ya mfereji na safari inaendelea. Huko ukifanya hivyo, maji yanaganda usiku, na barafu huchukua nafasi kubwa kuliko maji. Injini inapasuka. Hakuna fundi atakayekuokoa hapo, unatafuta injini nyingine. Lazima utumie dawa ya kuzuia kuganda, iliyochanganywa kwa kipimo kinachofaa baridi ya mahali unapoishi. Na hita isiwashwe kama hayo maji yamepungua, maana koili itaungua.

Pili, waya. Usibebe ekstensheni yako ya hapa nyumbani. Stima ya kule ni volti 120, plagi ni tofauti, na ule waya mwembamba wa kuchajia simu hauwezi kazi hiyo. Unahitaji waya mnene wa matumizi ya nje, wenye pini tatu. Usiuache umekunjwa kama kamba, kwa sababu unapata moto. Ukiona plagi imeanza kuwa nyeusi au kuyeyuka, itupe. Hita iliyochakaa na waya mbovu zimewahi kuteketeza magari na gereji.

Tatu, na hii inaua. Usiwashe injini ndani ya gereji iliyofungwa ati gari lipate joto. Unajua zile habari za kila msimu wa baridi hapa kwetu, familia imelala na jiko la makaa chumbani na asubuhi hawakuamka? Gesi ni ile ile, kaboni monoksidi. Haina harufu wala rangi. Uzuri wa hita ni kwamba inapasha injini ikiwa imezimwa, kwa hivyo hakuna moshi kabisa.

Nne, kumbuka kuchomoa. Watu huondoka na waya ukiburuta nyuma kama mkia. Ujanja wa wenyeji ni kuupitisha waya juu ya kioo cha pembeni upande wa dereva. Huwezi kufungua mlango bila kuuona.

Maswali ya kuuliza kabla ya kulipa

Ukipata gari la bei nafuu, muulize muuzaji kama lina hita. Usiridhike na kuona waya tu, kwa sababu koili inaweza kuwa ilikufa kitambo. Mwambie achomeke, kisha sikiliza karibu na injini. Nyingi hutoa sauti ndogo ya kuchemka, kama sufuria inayoanza kupata moto. Au subiri saa moja, uguse mpira wa radieta. Uliza pia ni oili gani imo. Ile yenye 0W au 5W mbele ndiyo inayofaa baridi. Hiyo W ni ya msimu wa baridi, na nambari ikiwa ndogo oili hubaki nyepesi zaidi kwenye baridi.

Ukikodi nyumba, uliza kama maegesho yana soketi, inawashwa saa ngapi, na nani analipa. Maegesho mengi kule hukata na kurudisha stima kwa zamu ili kuokoa pesa. Nyumba ya bei rahisi isiyo na soketi inaweza kukugharimu kazi.

Na kama hujapata gari bado, tafuta jirani au mtu wa kanisani mwenye nyaya za kuazimana betri, na uweke nambari yake kwa simu kabla baridi haijaanza.

Wewe unayebaki hapa, tulia. Gari likigoma Nyahururu asubuhi, usikubali fundi akuuzie hita. Hiyo ni betri imechoka. Badilisha.

Lakini kama una rafiki ambaye viza yake imetoka juzi na anaondoka kabla ya Desemba, mtumie hii leo. Yuko busy kununua koti, na hakuna aliyemwambia kwamba hata gari litahitaji lake.