Herufi Moja kwa Sauti Mbili: Tahajia za Zamani na Suala la Ekegusii

Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611 ina maneno ya kawaida katika sura iliyokwisha kuachwa: vnto, heauen, loue. Sura hizo si makosa ya wapiga chapa. Kanuni ya wakati ule ilitaka v iandikwe mwanzoni mwa neno na u mahali penginepo, iwapo sauti yenyewe ni irabu au konsonanti. Katika karne ya 17 kazi ziligawanywa: u ikawa ya irabu, v ya konsonanti.

Kiswahili nacho kilipitia hali ya namna hiyo. Edward Steere, katika kitabu chake cha sarufi cha 1870, alitumia th kwa sauti mbili, kama ilivyo desturi ya Kiingereza. Aliandika thelathini, na pia thahabu, thambi na fetha. Mwenye lugha hakupotea. Aliyebahatisha ni mgeni. Tahajia sanifu, chini ya Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930, iliitenga dh, na kamusi ya 1939 ikaandika dhahabu, dhambi na fedha.

Ekegusii, lugha ya Mosocho na ya Kisii na Nyamira kwa jumla, haijafikia mgawanyo huo. Ina irabu saba, ilhali huandikwa kwa herufi tano. E na o hubeba sauti mbili kila moja. Jina Mosocho lenyewe lina o tatu, wala maandishi hayaonyeshi kila moja ni o ipi. Mzee wa Mosocho hana haja ya kuonyeshwa. Mjukuu wake aliyekulia mjini, ambaye huenda akaipata lugha kwa njia ya kitabu, ana haja hiyo.

Yaweza kupingwa kwamba tahajia ya sasa imekwisha kutiwa muhuri na Biblia kamili ya Ekegusii ya mwaka 1988. Lakini Biblia ile ya 1611 ilirekebishwa tahajia yake mara kadhaa, hasa katika toleo la Oxford la 1769, na waumini hawakuikana. Wala mfano wa karibu haukosekani: Kikuyu, chenye irabu saba vilevile, hutofautisha zote kwa kuongeza ĩ na ũ. Alama mbili tu zingetosha kwa Ekegusii pia. Tahajia hubadilishwa kwa gharama ndogo wakati wenye kuijua sauti wangalipo wa kuulizwa.